Umio Unapoziba: Mwongozo Kamili wa Matibabu ya Endoskopi Bila Kupasuliwa Kifua

Mgonjwa wa umio, yaani bomba la chakula kutoka kooni hadi tumboni, mara nyingi hufika hospitali akiwa amekwisha kubadilisha chakula mara tatu. Aliacha nyama kwa sababu ilikwama. Akaacha ugali na wali. Sasa anakunywa uji na chai, na suruali inashikwa na kamba. Kila hatua aliizoea, na nyumbani wakadhani ni vidonda vya tumbo. Kumbe chakula kigumu huanza kukwama pale njia inapobaki na upana wa milimita 13 hivi, wakati umio wa mtu mzima mwenye afya hutanuka kupita milimita 20. Anayeishi kwa uji tayari ana njia nyembamba kuliko kidole chake kidogo.

Mwongozo huu unahusu yale yanayoweza kufanywa kupitia mdomoni, kwa mpira wenye kamera, bila kisu kugusa kifua wala tumbo. Sehemu kubwa ni ya stenti, yaani mrija wa wavu unaoshikilia njia iwe wazi, kwa saratani ya umio, kwa sababu ndiyo inayowafikisha watu wetu wengi kwenye chumba cha endoskopi. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, una saratani hii kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Baada ya hapo tutaeleza kutanua makovu, kufunga mishipa inayovuja damu, na matibabu mengine machache. Kazi yenyewe mdomoni huchukua nusu saa hivi. Kinachoamua mgonjwa atakula au hatakula ni maandalizi ya siku chache kabla na uangalizi wa wiki zinazofuata, na hayo kwa sehemu kubwa yako mikononi mwa ndugu na wauguzi.

Pima kiwango cha kukwama kabla ya safari

Madaktari hutumia ngazi tano. Sifuri: anakula kila kitu. Moja: vyakula vigumu vingine vinakwama. Mbili: anameza vilaini tu, kama ndizi zilizopondwa. Tatu: vimiminika tu. Nne: hamezi chochote, hata mate anayatema kwenye kikopo. Andika ngazi hiyo, tarehe kila ngazi ilipoanza, na kilo alizopungua. Karatasi hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo marefu, na baada ya matibabu ndiyo itakayoonyesha kama yamefaa.

Ngazi ya tatu na nne ni ya kwenda haraka, bila kusubiri mwisho wa mwezi. Mgonjwa asiyemeza mate amekaukiwa maji, na madini ya damu yake, hasa potasiamu, huwa yameyumba. Apewe dripu na kupimwa figo na madini kwanza. Kumlaza na kumpa dawa ya usingizi akiwa mkavu hivyo ni kumtafutia shinikizo la damu kushuka katikati ya kazi.

Sikiliza pia dalili zinazobadilisha mpango. Kikohozi kinachomjia kila anapokunywa maji huashiria kwamba umio umetoboka kuelekea kwenye njia ya hewa. Sauti iliyokauka huashiria mshipa wa fahamu wa sauti umebanwa. Kukoroma au kupumua kwa shida akilala chali kunaweza kumaanisha uvimbe unasukuma koromeo. Mwambie daktari haya kabla hajauliza.

Mambo ambayo lazima yajulikane kabla ya stenti

La kwanza ni jibu la biopsi, yaani kipande cha nyama kinachokatwa na kupimwa maabara. Umio huweza kubanwa na kovu la asidi, na kovu la sumu, na ugonjwa wa misuli, na saratani, na kwa macho ya mgonjwa yote yanafanana. Kamera ya kwanza kazi yake ni kuangalia na kuchukua vipande, kwa kawaida sita au zaidi, kutoka kwenye kingo za kidonda. Vipande viwili vya katikati, mahali palipokwisha kuoza, hurudi na jibu la "hakuna saratani" wakati ipo. Jibu la namna hiyo lisipolingana na mgonjwa anavyoonekana, rudia.

La pili ni kama ugonjwa bado unaweza kuponywa. Stenti haiponyi saratani, inafungua njia. Mgonjwa ambaye bado anafaa kwa upasuaji, au kwa mionzi pamoja na dawa kwa nia ya kuponya, hapaswi kuwekewa stenti ya chuma kama hatua ya kupisha muda, kwa sababu stenti huweza kutoboa, kuvuja damu na kuharibu nafasi ya upasuaji. Huyo alishwe kwa mrija wa puani au wa tumboni wakati akisubiri. Kwa hiyo CT, yaani picha ya kompyuta, ya kifua na tumbo ifanyike mapema inapowezekana, na swali liulizwe waziwazi: "Daktari, lengo letu ni kuponya au ni kumwezesha kula?" Kila lengo lina njia yake.

La tatu ni mahali uvimbe ulipo. Ndani ya endoskopi kila kitu hupimwa kwa sentimita kutoka kwenye meno ya mbele: mlango wa juu wa umio uko kwenye sentimita 15 hivi, na mlango wa tumbo kwenye 40 hivi. Uvimbe uliofika chini ya sentimita 2 kutoka mlango wa juu ni mgumu kuwekea stenti, maana mgonjwa atahisi kitu kimekwama kooni usiku na mchana. Uvimbe wa katikati unaosukuma njia ya hewa unaweza kuziba pumzi stenti inapofunguka, hivyo njia ya hewa ichunguzwe kwanza. Uvimbe wa mlango wa tumbo unawekewa vizuri, ila stenti hupenda kuteleza na asidi hupanda bila kizuizi.

Mgonjwa anayetarajiwa kuishi miezi mingi na ambaye bado anameza kiasi aulizie pia mionzi ya ndani ya umio, pale ilipo. Nafuu yake huja polepole kuliko ya stenti lakini hudumu zaidi. Kwa aliyefika ngazi ya tatu au nne, na kwa aliyetoboka kuelekea njia ya hewa, stenti ndiyo yenye haraka.

Maandalizi: siku tano hadi asubuhi ya kazi

Dawa za kuyeyusha damu zitajwe zote. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, na kipimo chake cha damu kuganda (INR) kiwe chini ya 1.5. Klopidogreli husimamishwa siku 5 hadi 7. Usisimamishe yoyote kwa uamuzi wako. Mtu mwenye vali ya moyo ya bandia anahitaji mpango wa daktari wake. Mwenye kisukari asimeze vidonge vya sukari asubuhi akiwa na njaa, na aliye kwenye insulini apewe kipimo kipya na daktari.

Kufunga kwa kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji. Kwa umio ulioziba hilo halitoshi. Chakula cha jana bado kimekaa juu ya uvimbe, na mgonjwa akilazwa kinaingia mapafuni. Siku moja hadi mbili kabla anywe vimiminika vilivyochujwa tu, bila uji mzito wala maziwa mgando. Usiku alale ameinuliwa kichwa. Meno ya bandia yatolewe, na meno yanayotikisika yasemwe.

Kabla ya kuondoka nyumbani, ulizia bima. Uliza kama bima inalipia stenti yenyewe au inalipia kipimo cha kamera peke yake. Hayo ni malipo mawili. Nchini Kenya mfumo ni wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, tangu Oktoba 2024, hivyo maelezo ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya huko, hayatumiki tena. Uliza pia kama stenti iko stoo siku hiyo, na ya urefu gani. Wagonjwa hufunga safari ya mikoa miwili wakakuta iliyobaki ni fupi.

Ndani ya chumba: stenti inavyowekwa

Stenti ni mrija wa wavu wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani, unaokandamizwa kwenye mpira mwembamba na kufunguka wenyewe ukiachiwa. Upana wake wa kati ukifunguka ni milimita 18 hadi 23, na ncha zake ni pana zaidi ili zishike. Nyingi zina utando unaozuia uvimbe kupenya kwenye matundu. Iliyofunikwa yote ni rahisi kutolewa lakini huteleza. Iliyofunikwa katikati na kuachwa wazi kwenye ncha hushika zaidi, ila nyama huota kwenye ncha hizo na kuitoa ni shida. Mgonjwa aliyetoboka kuelekea njia ya hewa lazima apate yenye utando.

1. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, na kinga ya meno mdomoni. Hupuliziwa ganzi ya lidokaini kooni, hupewa hewa ya oksijeni puani, kisha dawa ya kutuliza kwa kipimo kidogo kidogo, kwa kawaida midazolamu pamoja na dawa ya maumivu. Nesi mmoja kazi yake iwe kuangalia pumzi na kunyonya mate, bila kupewa jukumu lingine.

2. Kamera ya kawaida ina unene wa milimita 9 hadi 10. Ikipita, daktari anasoma sentimita ya mwanzo na ya mwisho wa uvimbe. Isipopita, hutumika kamera nyembamba ya milimita 5 hadi 6, au njia hutanuliwa kidogo kwa vipanuzi. Kutanua ni kwa kiasi cha kupitisha vifaa tu. Anayetaka kufungua uvimbe wa saratani hadi milimita 15 kwa siku moja anaupasua.

3. Waya wa kuongoza hupitishwa hadi tumboni, kisha kamera hutolewa na waya ukibaki. Hapa ndipo makosa huanza: waya ukirudi juu hata sentimita kumi, ncha yake iko ndani ya uvimbe, na kila kitakachopitishwa juu yake kinaweza kutoboa. Msaidizi ashike waya kwa mkono na kusoma alama zake kwa sauti.

4. Urefu wa stenti ni urefu wa uvimbe kuongeza angalau sentimita 4, yaani 2 juu na 2 chini. Uvimbe ukianzia sentimita 28 na kuishia 34, una urefu wa 6. Stenti iwe ya 10 au zaidi, ikae kati ya 26 na 36. Zipo aina zinazofupika zikifunguka, hivyo urefu ulioandikwa kwenye boksi na jinsi aina hiyo inavyofupika visomwe kabla ya kufungua kifungashio.

5. Stenti hupitishwa juu ya waya. Kamera hurudishwa pembeni yake, na daktari anaiona ncha ya juu inapoanza kufunguka. Hospitali zenye eksirei ya moja kwa moja huiangalia kwenye skrini. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, imewawekea stenti wagonjwa kwa miaka mingi kwa kamera peke yake, na ripoti zake ndizo zilizowapa wengine wa ukanda huu ujasiri kwamba kukosa mashine hiyo si sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani.

6. Ikifunguka huvuta kuelekea chini, kwa hiyo mkono unaoishika urudishwe juu taratibu. Ikikaa chini mno hushikwa kwa uzi wake wa juu na kuvutwa, ndani ya dakika zile za mwanzo. Kamera haisukumwi kwa nguvu kupitia stenti mpya, maana huitelezesha.

Kabla ya kutoka, daktari aandike kwenye karatasi ya mgonjwa: aina ya stenti, urefu, upana, ilipoanzia na kuishia, na tarehe. Omba karatasi hiyo. Ikiziba miezi minne baadaye katika hospitali nyingine, daktari wa pili ataanza na vipimo hivyo.

Saa 72 za kwanza

Stenti hufunguka kikamilifu kwa siku moja hadi tatu, na kifua huuma wakati huo. Maumivu hayo ni ya kawaida yakiwa yanapungua siku hadi siku. Dawa ya maji ya mofini, ambayo hospitali nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania hutoa, inafaa hapa, kwa kuanzia miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Wanaodai mgonjwa atazoea mofini wanamwacha alie bure.

Akiamka vizuri, hana homa, hana maumivu makali ya mgongo, na shingo haijavimba, huanza na vijiko vya maji baada ya saa chache. Siku hiyo ni vimiminika tu. Vilaini vianze siku ya pili au ya tatu.

Bonyeza ngozi ya shingo na juu ya mfupa wa bega. Ikitoa mlio wa kukwaruza chini ya vidole, hewa imetoka nje ya umio, na umio umetoboka. Hapo asimeze hata maji, arudi kwa daktari saa hiyo hiyo. Hivyo hivyo kwa maumivu makali yasiyotulia, kupumua kwa shida, homa, kutapika damu au choo cheusi kama lami.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Mtu aliyekaa siku 10 au zaidi bila chakula cha maana, akipewa ghafla uji mzito wa sukari na soda, madini ya damu yake hushuka kwa ghafla na moyo huweza kusimama. Kwa mgonjwa aliyekonda hivyo, siku za kwanza apewe kama kilokalori 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, akiwa amepewa vitamini B1 kabla, na madini yapimwe. Baada ya siku 4 hadi 7 ndipo afikishwe kwenye kilokalori 25 hadi 30 kwa kilo. Ndugu huumia kumnyima chakula mtu aliyefunguliwa njia juzi. Wafafanulieni sababu, na mgonjwa mwenyewe ajue.

Kula na stenti

Stenti haisukumi chakula. Umio wenye afya hukikamua kushuka. Mrija wa chuma hukaa tu, na chakula hupita kwa uzito wake na kwa maji. Kwa hiyo mgonjwa ale ameketi wima, tonge dogo, atafune hadi kiwe uji mdomoni, na anywe maji ya uvuguvugu katikati na mwisho wa mlo. Asilale kabla ya saa 2 hadi 3 kupita. Milo sita midogo ya kikombe kimoja hufanya kazi kuliko sahani mbili kubwa.

Vinavyofaa: mtori uliosagwa na kuchujwa nyuzi za nyama, viazi vilivyopondwa na maziwa, maharage yaliyopikwa yakaiva na kupondwa bila maganda, samaki asiye na miba aliyesagwa na mchuzi, parachichi, papai lililoiva, mtindi, mayai ya kuvurugwa yaliyo laini. Uji wa ulezi upikwe kwa maziwa badala ya maji matupu, uongezwe siagi ya karanga iliyo laini na mafuta. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia ni takriban kilokalori 240, na vinapita bila kuongeza ujazo. Kwa aliyekonda, hiyo ndiyo njia rahisi ya kumrudishia uzito.

Vinavyoziba: nyama ya kuchoma, mahindi ya kuchoma, chapati na mkate mpya unaogeuka donge, ugali mgumu wa kumezwa kwa tonge, machungwa yenye nyuzi, mananasi, sukuma wiki na mchicha usiokatwakatwa, ute mweupe wa yai la kuchemsha, na samaki mwenye miba. Mboga za majani si marufuku. Zikatwe ndogo sana, zipikwe ziive, zisagwe. Chai isubiri ipoe: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la kimataifa, IARC, liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na desturi hii ya kunywa chai ikifuka inafaa kukoma kwa nyumba nzima.

Vidonge vikubwa vipondwe au viombwe vya maji. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, haipondwi, kapsuli hufunguliwa na chembe zake kumezwa nzima pamoja na mtindi. Stenti inayovuka mlango wa tumbo humlazimu mgonjwa kutumia dawa hiyo kila siku, na kichwa cha kitanda kiinuliwe sentimita 15 hadi 20 kwa matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi haitoshi, kwa sababu humkunja tumboni na kuipandisha asidi.

Stenti ikiharibika

Ikiziba ghafla wakati wa kula, ni chakula. Asimame, aache kula, anywe maji ya uvuguvugu au soda kwa mafunda madogo, atembee. Asijaribu kusukuma kwa tonge lingine wala kwa kitu chochote kupitia kooni. Isipofunguka ndani ya saa chache, au mate yakianza kurudi, ni kamera: daktari huvunja donge na kulisukuma au kulitoa.

Ikiziba polepole kwa wiki kadhaa, ni uvimbe uliootea juu au chini ya stenti. Tiba ya kawaida ni stenti ya pili ndani ya ya kwanza. Kukwama kukirudi pamoja na kichefuchefu, au baada ya kutapika sana, fikiria imeteleza. Eksirei ya kifua huionyesha kwa kuwa ni chuma. Iliyoshuka tumboni mara nyingi hutolewa kwa kamera na kubadilishwa. Kikohozi kipya cha kila anapokunywa kinaashiria njia mpya kati ya umio na mapafu, na hicho hakisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Makovu: kutanua kidogo kidogo

Kovu hutokana na asidi ya miaka, mionzi, na zaidi kwa watoto wetu, sumu: magadi ya kuzibua mabomba, asidi ya betri, dawa za kusafishia zilizowekwa kwenye chupa za soda. Mtoto akimeza sumu hiyo, usimtapishe, maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Usimpe mafuta wala maziwa mengi. Mpeleke na chombo chenyewe.

Kutanua hakufanywi wiki tatu za mwanzo, wakati ukuta bado ni kidonda laini. Kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 3 na ya 6. Hutumika vipanuzi vya plastiki vyenye ncha iliyochongoka vinavyopita juu ya waya, milimita 5 hadi 20, au puto linalojazwa maji kupitia kamera. Kanuni ya zamani bado inalinda: ukishahisi ukinzani, siku hiyo usizidi vipanuzi vitatu vinavyopishana milimita moja moja. Mgonjwa hurudi kila baada ya wiki 1 hadi 3 hadi njia ifike karibu milimita 15 na ibaki hapo. Kovu la sumu huweza kudai vikao vingi kwa miezi, na mzazi aambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa sababu wengi huacha baada ya mtoto kumeza wali mara ya kwanza, kovu likajifunga tena.

Mishipa ya umio inayovuja damu

Vijijini kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huacha makovu kwenye ini, na damu isiyopita vizuri kwenye ini hutafuta njia kupitia mishipa ya umio. Mishipa hiyo huvimba, ikapasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi bila maumivu, wengine wakiwa vijana wasiowahi kunywa pombe.

Hapo hatua ni hizi: mistari miwili mikubwa ya dripu, damu ipimwe kundi, na aongezwe damu hadi hemoglobini ifike 7 hadi 8 tu. Kuzidisha huongeza msukumo na kuvuja upya. Octreotidi, dawa ya kupunguza msukumo kwenye mishipa hiyo, mikrogramu 50 kwa mkupuo kisha 50 kwa saa, na antibiotiki ya seftriaksoni gramu 1 kwa siku, vianze kabla ya kamera. Kamera ifanyike ndani ya saa 12, mgonjwa akishatulia. Daktari huvuta mshipa ndani ya kikombe kidogo kwenye ncha ya kamera na kuufyatulia mpira mdogo unaounyonga, akianzia karibu na mlango wa tumbo na kupanda juu kwa kuzunguka.

Mipira hiyo hudondoka baada ya siku chache na kuacha kidonda. Wiki mbili za kwanza ni za hatari: chakula kilaini, kilichopoa, bila asprini wala diklofenaki. Vikao hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 hadi mishipa iishe. Propranololi husaidia kupunguza msukumo, ila haimfai mwenye pumu. Na kichocho chenyewe kitibiwe kwa prazikwanteli, la sivyo makovu ya ini yanaendelea kuongezeka huku umio ukifungwa.

Umio usiolegea, na vidonda vya mapema

Katika akalasia, mlango wa tumbo haulegei. Tofauti na saratani, vigumu na maji hukwama pamoja tangu mwanzo, kwa miaka, na chakula cha jana hurudi usiku. Puto kubwa la milimita 30, kisha 35, hurarua misuli ya mlango. Njia mpya ni POEM, aliyoianzisha daktari Haruhiro Inoue nchini Japani mwaka 2008: hukatwa tundu dogo kwenye ngozi ya ndani, kamera huchimba njia chini yake hadi sentimita 2 au 3 ndani ya tumbo, misuli hukatwa, na tundu hufungwa kwa klipu. Inahitaji mkono uliofundishwa hasa, na kiungulia baadaye ni cha kawaida.

Saratani iliyogunduliwa ikiwa bado kwenye ngozi ya ndani tu inaweza kukatwa yote kwa kamera. Ili ionekane, umio hupuliziwa iodini ya Lugol: ngozi yenye afya hugeuka kahawia, eneo lenye kasoro hubaki la manjano hafifu. Mwenye mzio wa iodini au ugonjwa wa tezi ya shingo aseme kabla.

Mtoto aliyemeza betri ya kifungo

Betri za saa, rimoti na vitu vya kuchezea huunguza umio ndani ya saa 2. Kwenye eksirei hufanana na sarafu, lakini ukingo wake huonyesha duara mbili. Mtoto mwenye zaidi ya mwaka mmoja aliyemeza ndani ya saa 12 zilizopita, na anayeweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10, kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua. Haiitoi betri, na safari isicheleweshwe kwa kuitafuta. Mkifika mapokezi semeni neno "betri" kabla ya kitu kingine chochote, msikae foleni, na msiondoke hadi eksirei ya shingo, kifua na tumbo ipigwe.